Alama katika damu, na mahindi ya ghalani kwetu



Ndugu wasomaji, mada ya Ijumaa hii tuliikuta ndani ya gunia. Zilikuwa siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani, si miaka mingi iliyopita, nasi tulikuwa miongoni mwa waliopewa dhamana ya kupokea zakatul-fitri katika msikiti mmoja pembezoni mwa mji wa Dodoma. Watu walikuwa wakileta pishi zao, huyu mchele, huyu unga, huyu mtama. Mzee mmoja mwenye shamba upande wa Chemba akashusha kutoka kwenye bodaboda gunia zima la mahindi, zaka yake na ya jamaa zake waliomtuma. Tukamwombea dua, akaenda zake. Tulipolifungua ili tupime, punje za juu zilikuwa nyeupe na kavu. Mkono ulipozama hadi kiwiko ukatoka na punje zilizoshikamana, zimevaa ukungu wa kijani unaoelekea manjano, na harufu ya uvundo ikajaa chumba.

Kamati ikagawanyika. Mmoja alisema tuyapepete, tuondoe yaliyooza, tugawe yaliyobaki, kwani maskini wa mtaa ule majumbani mwao hula yaliyo duni kuliko hayo. Mwingine alitaka wapewe kuku. Wa tatu alikwisha kukasirika, akasema mzee yule amefanya ghushi, ameweka mazuri juu na mabovu chini, na kwamba akija mwakani arudishwe na gunia lake. Nasi tulioitwa wasomi wa kamati, wenye miaka ya chuoni na ya chuo kikuu, tulijua vyema kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) amewakataza waja wake kukusudia kibaya katika vile wanavyovitoa, kitu ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Hukumu hiyo tuliijua. Tusichokijua ni kile ambacho ukungu ule unamfanyia mlaji. Gunia likafungwa, likawekwa kando, na baada ya Idi tukamwendea daktari mmoja tunayefahamiana naye, tukiwa na konzi ya mahindi yale ndani ya mfuko wa nailoni.

Akayatazama bila kuyagusa. “Shehe,” akasema, “mwaka 2016 mlikuwa wapi?”

Wasomaji wetu wa Kondoa na Chemba hawahitaji kukumbushwa mwaka huo. Kuanzia katikati ya mwaka 2016 walianza kupokelewa katika vituo vya afya vya wilaya hizo mbili za mkoa wa Dodoma, na vya Kiteto katika mkoa jirani wa Manyara, wagonjwa wenye macho ya manjano, matumbo yaliyojaa na kuuma, wanaotapika, na wengine ini likishindwa kabisa kazi yake katika siku chache. Hapo mwanzo uliitwa ugonjwa usiojulikana, na kama ilivyo ada yetu pale jambo lisipojulikana, yakasemwa mengi. Uchunguzi ulipokamilika wagonjwa walihesabiwa 68, na waliofariki ni 20. Chanzo kilikuwa mahindi ya kula nyumbani. Kuvu iliyoota juu yake hutoa sumu ambayo kwa Kiswahili imekuja kuitwa sumukuvu, na kwa jina la kitaalamu ni aflatoksini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 za sumukuvu ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, katika kilo moja ya mahindi, na 10 aina zote zikijumlishwa. Na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Katika nyumba zilizopatwa, baadhi ya mahindi yalikutwa na sumu inayopita kiwango hicho mara maelfu.

Tulidhani basi tumepata jibu letu. Daktari akatikisa kichwa. Wale 20, alisema, ni wale waliokula nyingi kwa mpigo. Kinachomnyima usingizi ni wale wanaokula kidogo kidogo kila siku, mwaka baada ya mwaka, wakiwa wazima wa afya na wenye kulima, hadi siku wanapofikishwa hospitalini wakiwa na uvimbe wa ini usioweza tena kuondolewa. Tukamwuliza kama hakuna njia ya kujua mapema. Akasema ipo, na tena ni zaidi ya moja, kila moja na udhaifu wake. Haya yafuatayo ni yale tuliyojifunza kwake siku ile, pamoja na yale tuliyoyatafuta wenyewe baadaye katika vitabu.

Sumu hii ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa vifo vya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 katika miezi michache, na baada ya kutuhumiwa kila kitu ikaonekana kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Muda si mrefu karanga zilizotoka Uganda nazo zikahusishwa, na ni katika hizo kuvu yenyewe ilipotambuliwa. Hapa hatuwezi kujizuia kukumbuka kwamba miaka michache tu kabla ya hapo, kati ya 1947 na 1951, serikali hiyohiyo ya Uingereza ilimwaga mamilioni ya pauni katika ardhi ngumu ya Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu, ikitaka karanga. Mitambo ilivunjika, mvua ikagoma, mradi ukafutwa. Karanga za wakulima wadogo zingali zinalimwa Kongwa hadi leo, na sumukuvu inazipenda kama inavyoyapenda mahindi.

Wataalamu wakaanza kujiuliza kuhusu binadamu, na miongoni mwa majibu ya mwanzo kabisa duniani yalitoka kwa majirani zetu. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wao wa Murang'a nchini Kenya: walipima vyakula vilivyopikwa katika majumba ya nyanda za juu, za kati na za chini, wakalinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini. Kadiri walivyoshuka kuelekea kwenye joto ndivyo sumu ilivyozidi katika chakula, na ndivyo saratani ilivyozidi. Uganda nako ulifanyika uchunguzi wa namna hiyo, uliotolewa mwaka 1971. Lakini kupima chungu cha mtu hakukuambii ameingiza kiasi gani mwilini, kwa kuwa leo anakula kwake na kesho kwa shemeji yake. Ilibidi mwili wenyewe utoe ushahidi.

Na mwili unao ushahidi. Sumukuvu inapofika kwenye ini haina makali bado. Ini, kwa maumbile yake ya kusafisha kila kinachopita, hujaribu kuibadilisha ili itoke, na katika kubadilishwa huko ndiko inakogeuka kuwa kitu kikali kinachong'ang'ania chochote kilicho karibu nacho. Sehemu yake hung'ang'ania jeni, yaani maandiko ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai. Huko ndiko uharibifu uliko, nasi tutaurudia. Sehemu nyingine hung'ang'ania protini iitwayo albumini, ambayo ini huitengeneza kila siku na kuimwaga katika damu. Albumini ni hamali wa damu, hubeba mafuta, dawa na vitu vingine vingi kutoka kiungo hadi kiungo. Hamali huyu akishapigwa muhuri wa sumukuvu hauondoki mgongoni mwake mpaka atoweke, na nusu ya mahamali wa leo huwa bado wamo baada ya kiasi cha wiki tatu. Kwa hiyo matone machache ya damu yakipimwa maabara yanaeleza kile kilicholiwa katika miezi miwili au mitatu iliyopita, hata kama ghala limekwisha kufagiliwa na mwenye nyumba anaapa kwamba mahindi yake yalikuwa safi.

Mwaka 2004 Kenya ilipatwa na msiba mkubwa kuliko wa kwetu: Makueni, Kitui na wilaya jirani waliugua watu 317 na kufariki 125. Wachunguzi waliwachukua wagonjwa 40 na majirani 80 ambao hawakuugua, wakapima damu zao, na ule muhuri kwenye albumini ukatenganisha makundi hayo mawili. Wakauliza pia kuhusu uhifadhi. Walioyaingiza mahindi ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka ndio waliougua zaidi kuliko walioyaweka ghalani nje. Wasomaji watuwie radhi tukisimama hapa kidogo. Sote tunajua kwa nini mkulima huingiza mahindi mabichi chumbani: ni kwa kuogopa wezi, na kwa kuogopa mvua ya mwisho. Mtu aliyelala na magunia yake kitandani alikuwa akiilinda riziki ya watoto.

Kwetu Tanzania, damu za watoto wadogo wa vijiji vitatu, Nyabula mkoani Iringa, Kikelelwa mkoani Kilimanjaro na Kigwa mkoani Tabora, zilipimwa na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Watoto zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa na muhuri huo. Waliokwisha kuachishwa ziwa na kuhamia kwenye uji walikuwa nao karibu wote. Watoto hao hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Walikuwa wakicheza uani. Sababu ni uji wenyewe, ule wa mahindi na karanga tunaousifu kuwa wa lishe, na ambao kweli ni wa lishe endapo nafaka yake ni salama. Ndiyo maana wilaya ya Kongwa ilichaguliwa kwa jaribio kubwa lililoendeshwa na watafiti wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, likizunguka maeneo ya vituo vya afya 52. Kina mama wa nusu ya maeneo hayo walipewa unga wa uji na unga wa karanga uliothibitishwa kuwa na sumukuvu kidogo, ili ionekane kama watoto watakua vizuri zaidi. Mama anayenyonyesha asije akaogopa kwa maneno haya. Kiasi kinachopita katika maziwa yake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha uji mbovu, na ziwa lake ndiyo hifadhi ya kwanza ya mtoto.

Muhuri wa albumini unaonyesha kwamba adui ameingia mjini, basi. Hauonyeshi kwamba ameshika nyumba. Kwa hilo yatupasa turudi kwenye jeni.

Wanafunzi wetu wa madrasa wanajua kwamba nukta moja ikiwekwa juu badala ya chini, baa hugeuka kuwa nuni na neno zima huharibika. Katika kila chembe ya mwili yamo maandiko ya kutengenezea protini moja iitwayo p53, ambayo kazi yake ni ulinzi: chembe ikiharibika, mlinzi huyu huizuia isizaane, na ikibidi huiamuru ife. Mwaka 1991 makundi mawili ya wataalamu, moja likichunguza saratani za ini za Qidong nchini China na jingine za kusini mwa Afrika, yalikuta jambo la ajabu. Katika wagonjwa wengi maandiko ya mlinzi huyo yalikuwa yameharibika mahali pale pale, neno la 249, herufi ile ile moja. Sumukuvu ilikuwa imeacha saini yake. Baadaye, nchini Gambia, saini hiyo ilipatikana ikielea katika damu ya wagonjwa, na hata katika damu ya watu wachache ambao hawakuwa na saratani yoyote inayoonekana. Mlinzi akishatiwa upofu, chembe huzaana bila idhini. Bado huwa ni miaka mingi kabla uvimbe haujaonekana.

Na hapa anaingia mshirika wake, kirusi cha homa ya ini aina ya B. Huyu amejaa Afrika yetu, hupita kwa damu, kwa unyumba, na kutoka kwa mama kwenda kwa mwanawe wakati wa kuzaliwa, naye hukaa katika ini kimya kwa miaka. Katika mji wa Shanghai wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Aliyekuwa na alama za sumukuvu katika mkojo wake, hatari yake ya kupata saratani ya ini ilikuwa zaidi ya mara 3 ya mtu asiye nazo. Mwenye kirusi cha B, zaidi ya mara 7. Mwenye vyote viwili ilikuwa mara 59. Watoto waliozaliwa Tanzania tangu chanjo ya homa ya ini B ilipoingizwa mwaka 2002 katika ratiba ya watoto wachanga wamepata kinga yake. Sisi tuliozaliwa kabla, ambao ndio wakuu wa familia na wenye kula mahindi kwa miaka mingi zaidi, hatukuipata, na wengi wetu hatujapima.

Alama inayotumika zaidi hospitalini kumtazama mtu aliye katika hatari ni protini nyingine tena, alfafetoprotini, kwa kifupi AFP. Ini la kijusi tumboni mwa mama hutengeneza protini hii kwa wingi, kisha baada ya kuzaliwa mtoto huiacha, kama anavyoacha nguo za uchanga. Mwaka 1963 Garri Abelev huko Moscow aliikuta imerudi katika panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa binadamu. Chembe za saratani huwa zimerejea tabia za utotoni. Kipimo chake si cha gharama kubwa, na kwa mtu mwenye kirusi cha B aliye katika hatari hufanywa kila baada ya miezi sita pamoja na picha ya ini kwa mashine ya altrasaundi. Lakini AFP si kadhi wa kutegemewa peke yake. Hupanda kwa mama mjamzito, jambo la kawaida kabisa. Hupanda kwa mwenye homa ya ini bila saratani. Na katika uvimbe mdogo, ule ule ambao tungependa kuukamata, mara nyingi haipandi. Ndiyo sababu picha haiachwi. Anayepewa karatasi yenye AFP iliyozidi asiandike wasia usiku huo, na anayepewa iliyo sawa asijione ameepuka milele.

Msomaji mmoja aliwahi kutuuliza kuhusu kongosho, kwa kuwa amefiwa na nduguye kwa saratani yake na akaambiwa kipo kipimo cha damu. Kipo, kinaitwa CA 19-9, na kilitokana na kazi ya kundi la Hilary Koprowski huko Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1970. Saratani ya kongosho nayo huchukua muda mrefu kujijenga. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikadiria kwamba toka badiliko la kwanza la jeni hadi chembe ya kwanza ya saratani kamili hupita zaidi ya miaka kumi. Wasaa upo, ila kipimo ndicho kinachoshindwa kuutumia. CA 19-9 ni sukari iliyojengwa juu ya protini, na wako watu ambao kwa urithi wa damu zao hawawezi kuijenga kabisa, hata saratani ikiwajaa. Miongoni mwa Wazungu hawafiki mmoja katika kumi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika waliopimwa Marekani, hukaribia mmoja katika watano. Tena hupanda kwa mawe ya nyongo na kwa homa ya manjano ya kawaida. Kipimo hiki ni cha kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kujulikana. Hakifai kupigiwa foleni na watu wazima wa afya, na anayekiuza kwa namna hiyo anauza hofu.

Ini linatofautiana na kongosho kwa jambo moja kubwa: sehemu kubwa ya ubaya wake tunaijua inapoingilia. Hupitia ghalani na hupitia sokoni.

Mahindi ya Dodoma huanza kupata kuvu yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame, mmea unapochoka na mdudu akatoboa gunzi. Yakivunwa yakalazwa chini juu ya udongo, kuvu huongezeka. Yakitiwa gunia yakiwa na unyevu, hustawi. Wazee wetu wa Kigogo na Kirangi walikula mtama na uwele zaidi kuliko mahindi, nafaka ambazo kwa kawaida hushikwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi na zenye kuvumilia jua letu. Tulipoziacha kwa kuona ni chakula cha kikale tulipoteza zaidi ya ladha. Kukausha kufanyike juu ya turubai au kichanja. Kujua kama yamekauka hakuhitaji mashine: mimina konzi ya mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, yarudishe juani. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi zitolewe kwa mkono, maana sumu nyingi ya gunia zima huwa ndani ya punje chache. Kukoboa nako hupunguza sehemu kubwa kwa kuwa sumu hukaa zaidi kwenye ganda, na tunasema hivi tukijua kwamba tumeambiwa miaka yote dona ni bora kuliko sembe. Dona ni bora kama mahindi ni mazima. Kupika hakusaidii. Ugali utokote utakavyo, sumukuvu haifi kwa moto wa jikoni. Wala si suluhisho kumpa mnyama: bata na kuku hufa, na ng'ombe huirudisha sumu katika maziwa tunayowanywesha watoto walewale.

Ama soko, hakuna asiyeijua Kibaigwa, soko kuu la mahindi la kanda hii, na hakuna asiyejua hila ya kunyunyizia maji ili gunia lizidi uzito, au ya kufunika yaliyolowa kwa makavu. Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alijitetea kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamhoji kwa nini basi hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wenziwe. Tumeisoma hadithi hii tangu utotoni kama somo la uaminifu wa bei. Hatukuwahi kufikiri kwamba ndani ya nafaka iliyolowa kuna uhai wa mtu.

Turejee kwa mzee wetu. Kwa kuwa wenzetu walikwisha kumtia katika hukumu hiyo, tuliona ni haki yake asikilizwe. Tukamfuata kwao. Alitupokea vizuri, akatuandalia chakula. Tulipomweleza kwa upole jambo la gunia alishangaa kwelikweli. Hakuficha kitu. Gunia lilinyeshewa kwenye kona ya chumba paa lilipovuja, yeye akalijazia juu kwa mahindi aliyoyaanika wiki ile ya mwisho. Akatuongoza hadi chumbani. Magunia sita yaliyobaki yalikuwa vilevile, na ugali uliokuwa mbele yetu ulitoka humo. Alikuwa ametupa zaka katika kile kile ambacho yeye na wajukuu wake walikuwa wakila. Yule ndugu yetu aliyekasirika alikuwa pamoja nasi. Aliinuka akatoka nje, akakaa huko kwa muda.

Ni rahisi kwa mtu wa mjini kusema yatupwe. Magunia sita ni mwaka wa familia. Mzee alituuliza swali moja tu: “Nikiyafukia, Shehe, watoto nitawapa nini hadi mavuno?” Nasi hatukuwa na hadithi wala aya ya kumjibu swali lile, palihitajika mahindi. Kamati ilichangishana yakapatikana magunia manne, jamaa zake wakaongeza mawili, na yale mabovu yakafukiwa shimoni mbele ya macho yetu pamoja na lile la msikitini. Tulimsihi ayapeleke majumba yake yote kupimwa homa ya ini. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka thelathini na ushei, alikutwa na kirusi cha B bila kuwa na dalili yoyote. Mkewe na watoto waliokutwa salama, ambao hawakuwa na kinga, wakachanjwa. Yeye sasa huja mjini kila miezi sita, hutolewa damu, hulala chini ya altrasaundi, kisha hupita kwetu kunywa chai na kutuonyesha karatasi. Hadi tunapoandika haya, AFP yake iko pale inapotakiwa kuwa, na picha ni safi, alhamdulillah.

Ramadhani iliyofuata baba yake alikuja tena na bodaboda na gunia lake. Hakusubiri tulifungue. Alitandika mkeka katikati ya ua, akalikata kamba, akalimimina lote mbele ya watu.